Filta Niliyoichoma Moto

Juzi nilipita kwenye gereji yenu pale Mwanga, nikawakuta mnamwaga oili ya lori injini ikiwa baridi kama mtungi wa maji. Mlinisalimia vizuri, "Shikamoo bibi," nikaitikia, mkarudi kwenye simu zenu huku oili ikichuruzika kidogo kidogo kama uji wa mgonjwa. Nikataka kusema neno, nikanyamaza. Njia nzima ya kurudi Ujiji nilijilaumu, maana kunyamaza ndiyo kazi niliyoifanya kwa ustadi kuliko zote, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Kwanza hilo la oili. Injini iwashwe, ingurume mpaka ipate moto, kisha izimwe na bolti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe hapo hapo. Oili ya moto inatoka na uchafu wake wote. Ya baridi inatoka peke yake, uchafu unabaki umelala chini unaisubiri oili mpya. Mtaungua vidole mara mbili tatu, mtazoea. Hili nilifundishwa na mtu ambaye jina lake hamjawahi kulisikia, na kama hamjalisikia, sababu ni mimi.

Naitwa Tausi. Nimefanya kazi miaka thelathini na tatu kwenye yadi moja ya malori hapa mjini, nikianza kama kibarua wa kufagia na kumaliza kama msimamizi wa mafundi. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Aliyehutubia, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Dodoma, alisema Bi Tausi ni mfano wa uaminifu kazini. Watu wakapiga makofi. Pilau ilikuwa nzuri, ila yangu niliiacha sahanini.

Nilipoingia yadini nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeachika, nina mtoto mmoja. Niliajiriwa nifagie na kukusanya matambara machafu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Nestori. Watu walimwita mzee ingawa hakuwa hata na mvi. Ni ule upole wake tu. Alikuja nchini na wazazi wake akiwa kijana mdogo, wakikimbia vita Burundi, akaoa mwanamke wa Kiha wa Kidahwe, akakaa. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kirundi, na kila akitaka kukubali jambo alisema "Ego," hata mbele ya meneja.

Siku moja nilisimama na ufagio wangu nikamwangalia anafungua filta ya oili. Akaniuliza bila kugeuka, "Unataka kujua?"

Nikasema nataka.

"Weka ufagio."

Mafundi wengine walicheka wiki nzima. Mmoja aliniuliza kama nitakuwa nakuja na kanga au na ovaroli. Nilikuja na vyote viwili, kanga nimejifunga kichwani. Walipochoka kucheka, mimi nilikuwa tayari najua kufunga filta mpya: unaipaka mpira wake oili safi kwa kidole, unaizungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ya cheni ni ya kufungulia, si ya kufungia. Nyie mnaikaza kwa spana kama mnafunga mdomo wa mkweo, halafu sevisi inayofuata mnaitoboa kwa bisibisi kwa sababu imegoma kutoka.

Nilikosea pia, tena vibaya. Mwaka wangu wa pili nilibadilisha filta ya lori la Kaka Hamisi, dereva wetu wa Ujiji na rafiki mkubwa wa Mzee Nestori, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Filta ya zamani ilipotoka, mpira wake ulibaki umenata kwenye injini. Sikutazama. Nikafunga filta mpya juu ya ule mpira wa zamani. Mpira juu ya mpira hauzuii kitu, presha ikipanda unapasuka. Hamisi alifika karibu na Kidahwe, akaona taa nyekundu, akazima injini papo hapo na kushuka. Barabara nyuma yake ilikuwa na mstari mweusi wa oili. Angeendelea dakika mbili tu, injini ingekufa.

Meneja wetu, Bwana Petro, alitaka kunifukuza asubuhi ile ile. Tulikuwa tumesimama wote uani. Mzee Nestori akajifuta mikono, akasema, "Mimi ndiye niliyepaswa kuangalia kazi yake kabla lori halijatoka. Sikuangalia. Kosa langu."

Si kweli. Alikuwa ameniuliza, "Umetazama mpira?" nami nikajibu, "Nimetazama." Alikatwa siku zake za likizo kwa sababu yangu, na hakuwahi kunikumbusha. Alichofanya ni kuuning'iniza ule mpira ulionata kwenye msumari juu ya meza yangu ya kazi, nikautazama miezi sita. Hamisi naye kila akinikuta alikuwa anauliza, "Fundi, leo umenifunga mipira mingapi?" Nilimchukia kwa siku kadhaa, kisha nikaanza kucheka naye.

Filta ya dizeli ilinitesa zaidi. Miaka ile dizeli ilikuwa inakuja kwenye mapipa, na mapipa yana maji, hasa yakikaa wazi masika. Chini ya filta kuna kikombe cha kukusanyia maji. Unakifungua, unakinga kwenye chupa nyeupe, unaitazama juani. Maji yanakaa chini, dizeli juu, mstari unauona kabisa. Mzee Nestori hakukubali mtu ajaze filta mpya ya dizeli kwa kumimina kutoka kwenye ndoo. "Ukimimina katikati, uchafu umeupeleka upande uliokwisha kuchujwa," alisema. "Umeuruka mlango, umeingia dirishani." Kwa hiyo tulifunga filta ikiwa tupu, tukalegeza bolti ya kutolea hewa, tukapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Nilikuwa napampu mpaka kiganja kinatoka malengelenge, Hamisi amesimama pembeni ananiuliza, "Ng'ombe huyo anatoa maziwa kweli?" Mzee Nestori yeye alisema neno moja tu, "Buhoro," yaani polepole, na kweli ukiwa na haraka hewa inabaki ndani na lori linazimika njiani.

Lakini elimu yake kubwa ilikuwa kwenye filta ya zamani, ile mnayoitupa mtaroni. Yeye hakutupa filta kabla hajaisoma. Aliikata kwa patasi na nyundo kuzunguka shingo, kamwe si kwa msumeno, kwa sababu msumeno unamwaga chembe zake na hutajua chuma ni cha injini au cha msumeno. Ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa. Aliitoa, akaikata vipande, akaikamua kwenye jiriwa, akaisuuza kwenye beseni la mafuta ya taa. Kisha aliizamisha sumaku. Kinachoshika sumaku ni chuma, pengine ni cha ringi au gia. Kisichoshika, kinachong'aa njano au kijivu kama magamba ya dagaa, hicho ni cha beringi zinazobeba kreki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. "Ukiona hicho," aliniambia, "injini inakuomba uishushe. Haitaomba mara tatu."

Nilikaa naye miaka saba. Miaka saba yote nilikuwa kibarua, bila barua ya ajira, na mtoto wangu alikuwa karibu kwenda sekondari. Mwaka huo tukasikia majina ya watakaoajiriwa rasmi yanapelekwa makao makuu. Bwana Petro ndiye aliyekuwa anayaandika.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Lori la Hamisi liliingia kwa sevisi asubuhi, likitakiwa kupanda Kalinzi siku hiyo hiyo kuchukua magunia. Mimi nilimwaga oili, Mzee Nestori akaikata filta. Nilimwona ameinama muda mrefu juu ya beseni. Akaniita.

"Tazama. Usiniambie ninachotaka kusikia. Niambie unachoona."

Karatasi ilikuwa imejaa magamba ya njano. Hata mafuta ya beseni yalimeremeta. Akapitisha sumaku, ikatoka safi.

"Beringi," nikasema.

"Ego. Hili lori haliendi popote."

Akaenda ofisini. Nilisikia kila neno, dirisha lilikuwa wazi. Bwana Petro alisema kahawa inasubiri, mvua ikinyesha barabara itafunga, lori lina nguvu, lilirudi jana bila shida. Mzee Nestori akasema hatatia saini fomu ya sevisi. Meneja akasema, "Basi kaa na kalamu yako." Kisha akatoka uani, akanikuta nimeinama kwenye sampo.

"Tausi, oili umejaza?"

"Nimejaza."

"Filta mpya umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi saini wewe. Umefanya kazi, umeimaliza." Akashusha sauti. "Na lile jina lako limo kwenye karatasi yangu. Usinifanye nilitazame upya."

Nilitia saini. Fomu ilikuwa na mstari uliouliza hali ya filta iliyotolewa. Niliandika: sawa. Herufi nne.

Akaniambia nisafishe na ule uchafu mezani. Mzee Nestori alikuwa amekwenda kumtafuta Hamisi amzuie, lakini Hamisi alikuwa amepewa funguo na ametokea lango la nyuma. Mimi nikaikusanya ile karatasi yenye magamba, nikaiviringisha kwenye matambara yenye oili, nikaitia kwenye pipa la kuchomea taka pamoja na bati la filta, nikawasha. Matambara ya oili yanashika moto haraka. Nilisimama pale mpaka likabaki gamba la bati tu, na hilo nikalirusha kwenye vyuma chakavu.

Lori lilipanda Kalinzi tupu, likafika. Wakapakia. Lilipokuwa linateremka na mzigo, beringi ikasagika, konrodi, ule mkono wa pistoni, ikavunjika na kutoboa injini. Hamisi alikanyaga klachi ili magurudumu yasikwame, lori likawa huru, usukani mzito kama jiwe, breki zikifanya kazi kwa upepo uliobaki kwenye matangi. Upepo ulipoisha aliamua mwenyewe kuligongesha kwenye ukingo wa udongo, kwa sababu mbele kulikuwa na kona na chini ya kona kulikuwa na nyumba za watu. Lori lilisimama. Mguu wake wa kulia ulibaki kati ya pedali na bati. Dereva wa gari la mboga ndiye aliyeleta habari yadini. Hospitalini mguu ulikatwa juu ya goti.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, ofisini kwa meneja, na mkaguzi mmoja kutoka makao makuu. Bwana Petro alieleza kwamba fundi mkuu alihudumia lori, akaona hitilafu, akaificha, akamwachia kibarua atie saini ili yeye asihusike. Alisema bila kutikisika, kama mtu anayesoma ratiba ya meli.

Mzee Nestori akasema, "Niliiona, na nilikuja kukuambia hapa hapa ulipokaa. Filta niliikata. Tausi aliiona."

Mkaguzi akanigeukia. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, si mtu mbaya. Aliuliza kwa utaratibu, "Mama, wewe uliona nini kwenye filta?"

Nimewaambia nitawasimulia ukweli. Nilimwona Bwana Petro anachezea kalamu. Akilini nilimwona mwanangu na sare ya shule. Nikasema, "Sikuona kitu."

Mkaguzi akauliza filta yenyewe iko wapi. Nikatazama sakafu. Mzee Nestori alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama chupa ya dizeli juani. Kisha akasema, "Ego. Kama hakuona, hakuona."

Bwana Petro akaongeza kwamba kama Nestori anataka kubishana, yuko tayari kuwaita wanaohusika na wageni waje wapitie karatasi zake za ukaazi. Sijui kama karatasi zake zilikuwa na shida. Najua alikuwa na watoto wanne. Alisimama, akaenda kwenye kabati lake, akachukua patasi, nyundo na sumaku, akavifunga kwenye ovaroli, akatoka kwa miguu. Hakuna fundi aliyemsindikiza hadi langoni, hata mimi.

Barua yangu ya ajira ilikuja kabla ya Ramadhani.

Nilisikia baadaye kwamba Mzee Nestori alikwenda hospitalini kumwona Hamisi, na ndugu zake Hamisi walimtoa wodini kwa kelele. Hamisi mwenyewe aligeukia ukutani. Alikuwa ameambiwa kwamba rafiki yake alijua injini inakufa, akamwacha apande mlima. Akaamini, na aliyemthibitishia ni mimi, nilipokwenda kumwona na machungwa na maziwa, akaniuliza, "Eti ni kweli Nestori alijua?" nami nikasema, "Ndivyo wanavyosema."

Miaka ikapita. Nikawa fundi mkuu, nikawa msimamizi. Mimi ndiye niliyefundisha mafundi kukata filta kwa patasi, na kila aliyeuliza nimejifunza wapi nilimjibu, "Kazini." Hamisi aliishi Ujiji, mitaa mitatu kutoka kwangu, anashona nyavu za wavuvi barazani kwake. Kila nikipita alikuwa anasimulia kwa sauti jinsi yule Mrundi alivyommaliza. Niliijua hadithi ile kuliko yeye. Nikaanza kuzunguka njia nyingine kwenda sokoni.

Ilipita miaka ishirini na minne. Kisha Hamisi akaugua sukari, na mguu uliobaki ukaanza kuwa na kidonda. Wifi Zaituni, mkewe, akaniambia msikitini kwamba Hamisi halali, anamlaani Nestori usiku na mchana. "Anakufa na kinyongo, wifi," alisema. "Nitamfanya nini?"

Siku ya pili yake nilikwenda. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda nikamwambia yote: beseni, saini, pipa la moto, kikao. Sikujitetea. Hamisi alisikiliza ametazama dari. Nilipomaliza akanigeuzia uso.

"Mbona unaniambia leo," alisema, "nikiwa sina mguu wa kumwendea?"

Nikamwambia nitamleta.

Kidahwe si mbali. Ni mwendo wa asubuhi moja, kwenda na kurudi, na mimi ulinichukua miaka ishirini na minne. Nilimkuta Mzee Nestori nyuma ya nyumba yake, ameinama kwenye injini ya mashine ya kusagia unga, nywele zote nyeupe. Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo. Aliitikia, "Marahaba," akaendelea kuzungusha filta kwa mkono mpaka ikagusa, kisha robo tatu. Akajifuta mikono. Nikaanza kuomba radhi, akaniinulia kiganja.

"Hamisi anajua?"

"Nimemwambia jana."

"Anaumwa?"

"Sana. Anakutaka."

Alimwita mkewe, akamwambia kwa Kiha amtolee shati. Akatafuta bodaboda mwenyewe. Kabla ya kupanda alisema, "Hamisi nitamwendea. Radhi yako sina hapa, Tausi. Niliitafuta miaka mingi ndani yangu, sikuiona. Kama nikiiona nitakuletea."

Mimi nilipanda bodaboda nyingine, nikafuata nyuma, vumbi lao lote likiniingia mimi.

Wanangu, mtu akiwaletea fomu, andikeni mlichokiona. Kama hamkuona, andikeni hamkuona. Na kama mkubwa wenu anataka neno jingine, mpeni kalamu aliandike yeye mwenyewe. Mtakosa barua ya ajira, mtalala na njaa kweli, sitawadanganya. Mimi nililala nimeshiba, na sikumtazama machoni hata mmoja wa watu wale wawili kwa miaka ishirini na minne.

Nilipofika kwa Hamisi, Mzee Nestori alikuwa ameshaingia chumbani. Nilikaa barazani kwenye ngazi. Kwanza nilisikia kilio, sijui ni cha nani kati yao. Kisha nikasikia Hamisi anauliza jambo kwa sauti ya chini, Nestori akajibu, na Hamisi akacheka kile kicheko chake kikubwa ambacho mtaa mzima ulikuwa umekisahau, mpaka akakohoa.

Wifi Zaituni akatoka jikoni na sinia ya chai. Akanipita pale ngazini, akiniambia, "Samahani wifi, nipishe kidogo," nikasogeza miguu apite. Vikombe vilikuwa viwili.